Kikohozi, Gari la Maziwa la Mama

Juzi nilipeleka gari langu gereji hapa Eldoret, upande wa pili wa mto Sosiani. Fundi kijana akachomeka waya chini ya usukani, akaitazama kompyuta yake kwa muda, akaniambia kuna sensa imekufa. Nikamuuliza kama anaweza kuifungua tuione. Akacheka kwa heshima. "Hiyo haifunguliwangi, Mama. Inatolewa, inawekwa ingine, na hiyo ingine mpaka itoke Nairobi." Basi nikaketi kwenye benchi, nimenuna kama mtoto aliyenyimwa mandazi.

Hapo ndipo nilipoisikia. Nyuma ya ukuta wa mabati mtu alikuwa akiwasha injini ya zamani. Ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, halafu ikashika na kuunguruma hadi mabati yakatetemeka. Rafiki yangu, niliruka. Hata mkoba niliuacha pale pale kwenye benchi. Nilipozunguka ukuta nikakuta gari aina ya jipu la mkulima fulani, limejaa magunia ya chakula cha kuku, na mwenyewe akashangaa kumwona mama mzima, na viatu vyake vya ofisini, akiomba aruhusiwe kuchungulia injini. Sikujali. Harufu ya mafuta na vumbi lililoungua ilinipiga puani, na papo hapo nikawa mtoto wa darasa la nne, nimelala chali chini ya Kikohozi, spana mkononi.

Kikohozi lilikuwa gari la baba, jipu la zamani. Baba alipofariki, lilibaki kwa mama pamoja na ng'ombe na kipande chetu cha shamba kule Moiben. Lilikuwa la kijani, au niseme liliwahi kuwa la kijani. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa waya. Sakafuni, chini ya kiti changu, palikuwa na tundu ambalo nililipenda kuliko dirisha lolote, maana kupitia hapo niliiona barabara ikikimbia chini ya miguu yangu, mawe, vumbi, na wakati wa mvua matope yaliyoruka na kunipaka hadi magotini. Starta ilishakufa zamani, kwa hiyo hatukuegesha popote ila kwenye mteremko. Mama alichagua marafiki kwa mteremko wa boma zao, ndivyo nyanya alivyomtania.

Kila asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, tulilisukuma likashika mteremko, likakohoa, likawaka, na kijiji kizima kikajua maziwa yanaondoka. Mama alipita boma kwa boma akikusanya mitungi ya majirani na kuipeleka mjini, kwenye kituo cha kupozea maziwa. Siku za likizo tulikwenda naye. Mitungi iligongana huko nyuma njia nzima, tukaimba kwa sauti kuishinda. Nikwambie ukweli, sijawahi kusafiri kwa raha kama ile, na nimepanda ndege.

Mtu mmoja hakulipenda gari lile, naye ni baba mdogo, ndugu yake baba. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kwamba litamuua mama barabarani, na pia aliona aibu shemeji yake kuonekana na grisi hadi viwikoni. Kila mara alisema "hiyo gari yenu", kama mtu anayesema juu ya mbwa wa jirani. Siku moja, baada ya Kikohozi kutuangusha mara kadhaa, aliketi sebuleni kwetu na kutoa hukumu.

"Shemeji, mimi sitaki maneno mingi. Siku maziwa ya watu itafika town na gari ya mtu mwingine, siku hiyo tunaiuzia watu wa skrapu."

Mama akamtazama nyanya, mamake baba, ambaye yeye alimwita Gogo, maana neno la mwisho lilikuwa lake. Nyanya akaendelea kuchambua maharagwe. Mwishowe akasema, "Sawa. Lakini mpaka siku hiyo, muache afanye kazi yake." Mama akakubali. Kila mtu nyumbani alijua maana yake. Bila gari, mama angerudi kungoja msaada wa baba mdogo hata kwa chumvi, na mama hakuumbwa kungoja.

Kwa hiyo Jumamosi zikawa siku za vita. Gereji yetu ilikuwa chini ya mti wa mkrismasi kando ya zizi, na vifaa vyetu vilikuwa jeki, spana chache, nyundo, na vipande vya blada ya zamani, ule mpira wa ndani wa gurudumu, ambavyo vilifunga kila kitu kilichovuja. Tangi la petroli likipata ufa, mama alikanda sabuni ya mche kwa vidole na kuibandika, nayo ikashika kwa wiki nzima. Gasketi tulikata kutoka kwenye katoni. Mimi nilikuwa na mikono midogo iliyofika palipomshinda mama, na nilijivuna kupita kiasi. Lakini raha ya raha zote ilikuwa kutoa hewa kwenye breki. Mama alilala chini, mimi nikasimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili. "Kanyaga!" Nakanyaga. "Achilia!" Naachilia. Nyanya alituletea viazi vilivyochomwa majivuni, tukavila na mikono ile ile, na hadi leo viazi visivyonukia grisi kidogo naviona vimepungukiwa na kitu.

Tulipokwama, tulikimbilia kwa mwenye duka pale senta. Alikuwa mzee wa Kisomali aliyeendesha malori ya kaskazini miaka mingi kabla ya kufungua duka, na kwenye rafu zake fan belti, mikanda ya injini, zilining'inia juu ya sukari na majani ya chai. Hakukupa spea kabla hujanywa chai yake ya iliki na kusikia lori lake lilivyokufa jangwani na likafufuka. Mama akilalamika, alimjibu neno lile lile, "Gari haikufangi, Mama. Ni mwenyewe anachoka." Nilitembea nalo shuleni kama kiapo.

Sasa kabla sijakupeleka kwenye siku yenyewe, lazima nikwambie kuhusu nyanya na maziwa. Kwetu maziwa hayachezewi. Ukiyaacha yafurike yakamwagika motoni, umemuumiza ng'ombe, chuchu zake zitapasuka au maziwa yatakauka. Mimi niliwahi kusinzia mekoni yakafurika. Nyanya hakunipiga. Alichuma nyasi mbichi, akaziweka pale maziwa yalipomwagikia, kisha akatoka kwenda kumwomba ng'ombe radhi kwa jina lake, polepole, kama anavyoombwa mtu mzima. Nilitamani angenipiga.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi. Mahindi yalishavunwa, mashamba yamebaki mabua matupu hadi upeo wa macho, na upepo unazungusha vumbi. Gari lilijaa mitungi ya majirani. Nyanya alikuwa nyuma pamoja nami, mtungi wake mdogo katikati ya miguu, maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Na mbele, karibu na mama, aliketi baba mdogo na koti lake zuri. Alikuwa akienda mjini kuongea na mtu wa skrapu, na nauli hakuona haja ya kutafuta, akaomba lifti ndani ya gari lile lile analotaka kuliuza. Hata nyanya alicheka.

Tulikuwa bado mbali na Chepkoilel, pale kabla ya kuingia mjini, mpira wa rejeta ulipopasuka. Rejeta, kama hujui, ni lile tangi la mbele linalopoza injini kwa maji. Mvuke ukajaa hadi hatukuona barabara. Mama akashuka kabla gari halijasimama vizuri, akafunga mpira kwa blada, akamimina maji yote ya dumu letu. Tukashangilia. Halafu tukaona rejeta yenyewe ina ufa chini, na maji yote yanatiririka vumbini, yakanywewa na ardhi mara moja. Mto wa karibu ulikuwa mchanga mtupu. Boma halikuonekana popote. Jua lilikuwa limepanda, na maziwa, kama unavyojua, hayangoji.

Baba mdogo akajipangusa vumbi. Mbali, upande wa Moiben, paliinuka vumbi lingine. Pikapu. Ilikuwa inasimama na kuondoka, ikichukua watu njiani, lakini ilikuwa inakuja.

"Shemeji, imetosha," akasema, na hakusema kwa furaha. "Hiyo pikapu itachukua maziwa. Hii tutaivuta mpaka kwa yule mtu."

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya gari, sabuni mkononi, akijaribu kuziba ufa, na sabuni inayeyuka kwa joto. Niliona mabega yake yakishuka. Nikaanza kulia, na sikulia kimya.

"Kuna mitungi imejaa hapa," nikasema katikati ya kilio.

"Hiyo ni ya watu," mama akasema. "Hatugusi ya watu."

Ndipo nyanya aliposhuka. Alishuka taratibu na mtungi wake, akaenda kando ya barabara, akatafuta hadi akapata kishungi cha nyasi zilizobaki na ukijani kidogo. Akarudi, akazichomeka kwenye grili ya Kikohozi. Akanong'ona maneno, na nikasikia jina la ng'ombe wake. Kisha akafungua mfuniko wa mtungi.

"Washa," akamwambia mama.

"Mama, hapana. Hayo ni maziwa," baba mdogo akasema. "Tena kwa moto?"

"Ni yangu. Washa, nimesema. Na wewe toa hiyo koti usukume."

Akatoa koti. Wallahi, kama angesema mwenye duka, alitoa koti. Tukasukuma, mimi na yeye bega kwa bega, hadi gari likakohoa likashika. Mama akaliacha lingurume pale pale, nyanya akamimina polepole, na yale maziwa meupe yakaingia kwenye rejeta ya moto. Ooh, harufu ile! Kama maziwa elfu yaliyofurika kwa wakati mmoja. Yalitoka kwenye ufa yakichemka, kidogo, kidogo zaidi, matone, halafu yakaacha. Yalikuwa yameganda pale pale penye ufa. Mama akaangalia chini, akaangalia tena, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baadaye. Pikapu ilipotufikia tulikuwa tayari tunaondoka, na mimi nikaipungia mkono kupitia dirishani kama rais.

Tuliingia Eldoret tukinukia kama jiko la harusi. Pale kituoni karani akatoka, akanusa hewa, akauliza ni nani anachemsha maziwa nje. Watu wakatazamana. Baba mdogo, shati limelowa jasho, akajibu kabla ya mama, "Ni gari yetu." Maziwa yakapimwa, yakakubaliwa yote. Kwa mtu wa skrapu hakwenda. Alikwenda kununua chai na mandazi, akatulisha sote tukiwa tumeketi kwenye bampa.

Kuitoa ile jibini kwenye rejeta kulituchukua Jumamosi nyingi, na paka wa Moiben walilifuata Kikohozi hadi mvua zilipoanza. Ng'ombe wa nyanya tulimchungulia kila asubuhi kwa hofu. Hakukauka. Aliendelea kutoa maziwa kama kawaida, na hata akazaa ndama jike. Mama aliendesha gari lile hadi nilipomaliza sekondari, na siku ya kuliuza aliichagua mwenyewe, baada ya lami kufika na lori la tanki kuanza kupita boma kwa boma. Baba mdogo ndiye aliyenung'unika zaidi.

Jioni ile ya gereji nilimpigia mama simu kumsimulia. Tulicheka hadi simu ikakatika, nikampigia tena. Sasa wengi wa watu wale hawapo. Mwenye duka amezikwa kwao kaskazini, mti wa mkrismasi ulikatwa, na barabara ni laini kiasi kwamba unafika Chepkoilel bila kuzungumza na mtu. Nikamwambia mama kwamba nyanya alikuwa jasiri, alivunja mwiko na hakuna lililotokea.

"Hukujua?" mama akasema. "Gogo hakuonja maziwa tena tangu hiyo siku. Aliniambia, 'Kama kuna kosa, nibebe mimi, isifuate ng'ombe, isikufuate wewe na hiyo gari.' Akaniambia nisiseme."

Nyanya, mtu aliyelelewa kwa maziwa ya kibuyu tangu ananyonya, ambaye alisema chai bila maziwa ni maji ya kuoshea vikombe. Sisi tulidhani ni tumbo la uzee. Mimi ndiye niliyempikia ile chai ya rangi kila asubuhi hadi alipotuacha, na kila asubuhi aliniambia ni tamu.