Koti la Italia lenye mfuko wa tasbihi

Saa tatu asubuhi, Nyamirambo, Kigali. Aidah Umutoni anapiga pasi koti la tano na la mwisho. Analikagua kola, analitundika msumarini pamoja na mengine, kisha anaisogeza kwa kiwiko pakiti ndogo iliyo kando ya cherehani yake. Haifungui.

Ndani ya pakiti mna lebo. Zimefumwa vizuri, uzi wa dhahabu juu ya kitambaa cheusi, na zina jina la nyumba moja ya mitindo ya Italia. Zimeletwa na Gakwaya, mwenye duka la nguo za kiume huko Gisimenti. Kwa miaka minne Aidah amekuwa akimshonea makoti kwa kuiga sampuli moja, akiyatia lebo hizo na kumkabidhi.

Analipwa faranga elfu sitini na tano kwa koti. Akiondoa kitambaa na bitana, anavyonunua mwenyewe, hubaki na elfu ishirini na tano. Dukani koti hilo huuzwa laki mbili na ishirini.

“Nilikuwa sijali,” anasema. “Kodi ya chumba hailipwi kwa jina.”

Leo anajali, na Gakwaya yuko njiani. Theluthi mbili ya kipato cha Aidah hutoka kwa mtu huyo. Binti yake, Keza, anasoma shule ya bweni, na muhula unaanza baada ya wiki mbili.

Kilichomgeuza ni mfuko.

Marehemu baba yake, Mzee Maneno, alikuwa fundi wa kanzu na makoti mtaa huu huu. Babu zake walifika Kigali na biashara za vitambaa kutoka pwani wakabaki. Kila koti alilolishona Mzee Maneno alilitia kamfuko kadogo ndani, upande wa kushoto chini ya kwapa, ka kuwekea tasbihi. Hakuuliza dini ya mteja. Hata padri aliondoka nako.

Aidah alijifunzia cherehani mapajani mwa baba huyo, na mkono wake haujui koti lisilo na kamfuko. Alipoanza kuiga sampuli ya Gakwaya alitia kamfuko bila kufikiri. Sampuli haikuwa nako. Gakwaya hakuona, wala wateja wake hawakuuliza.

Mwezi uliopita aliingia mwanamume aitwaye Rutayisire, mkazi wa Rebero aliyekulia Bukoba. Alikuwa na koti mkononi, limefunikwa nailoni.

“Dada, nipunguzie mikono,” alisema. “Jumamosi nina gusaba, tunakwenda kuomba mchumba. Ila taratibu, tafadhali. Hili ni la Italia.”

Aidah akaligeuza. Rutayisire akainama kumwonyesha.

“Hawa watu wanafikiri mbali. Ona, wameweka mpaka kamfuko ka siri. Sijui ka nini.”

Aidah angenyamaza, angechukua elfu tatu yake na siku ingepita.

“Ni ka tasbihi,” Aidah akasema.

“Waitaliano wana tasbihi?”

“Baba yangu alikuwa nayo.”

Rutayisire aliketi kwenye kigoda. Aidah akamweleza yote, kuanzia sampuli hadi lebo, akaweka wembe mezani na kusema yuko tayari kuifumua lebo ile bila malipo.

“Hapana,” mwanamume akajibu haraka. “Iache. Shemeji zangu nimeshawaonyesha.”

Alilipa, akaondoka bila kuaga.

“Alikuwa analisifu koti langu mbele yangu, na mimi siwezi kusema ahsante,” Aidah anakumbuka. “Na yeye alilipia safari ya ndege ambayo koti halikusafiri.”

Gakwaya anaingia muda si mrefu, funguo za gari zikining'inia kidoleni.

“Mama Keza, makoti iko tayari?”

“Yako tayari.”

Anashika la kwanza, anafunua kifua. La pili. La tatu.

“Lebo iko wapi?”

“Pale ulipoiweka.”

Gakwaya anacheka. “We mama, unataka kunifungia duka? Mtu hakuji Gisimenti kununua koti. Ananunua jina.”

“Muuzie langu.”

“Aidah wa Nyamirambo? Kwa laki mbili?”

“Kwa bei yake.”

“Na huyo Mwitaliano anaumia nini? Hajui hata kama Gisimenti iko.”

“Simsemei Mwitaliano. Namsemea aliyelipa.”

“Aliyelipa anajua, Mama Keza. Wote wanajua. Wanataka tu wasiambiwe.”

Aidah anamkumbuka mwanamume wa Rebero, aliyeukataa wembe. Gakwaya anachukua pakiti yake.

“Mafundi iko wengi huku,” anasema mlangoni. Makoti anayaacha.

Aidah anayahamishia nje, barazani, yaonekane na wapita njia. Anaandika bei kwenye kadi: laki moja. Kwa mtu wa kutarizi huko Niboye ameshaagiza lebo mia, zimeandikwa “Aidah, Nyamirambo”. Amelipa nusu.

Kabla ya adhuhuri simu yake inalia. Ni Rutayisire. Gusaba ilikwenda salama, anasema, na mdogo wake anaoa Agosti.

“Anataka koti kama langu, dada. Lenye kamfuko.”

“Nimtilie lebo gani?”

Aidah anaitazama simu kuona kama imekatika.

“Mtilie ya kwako,” Rutayisire anasema mwishowe. “Ila yangu usiiguse.”

Aidah anaweka simu, anachukua futi yake ya kupimia na kuivaa shingoni. Keza akirudi shule, anasema, itakuwa kwa pesa za makoti haya matano na la Agosti, au hatarudi kwa wakati. Lebo zikifika kutoka Niboye, moja hataishona popote.

“Nitamwekea yule bwana,” anasema. “Siku akichoka na ile nyingine, aje nimbadilishie. Bure.”