Maziwa Niliyokunywa Mbele ya Batu Bote

Juzi kule Beni, kwa dada yangu, balinitilia chai ya maziwa. Nikasema merci, mimi chai kavu. Bakaniangalia sawa nimekataa sakramenti! Acha nikuelezee, ndugu yangu, juu ile kikombe ilinirudisha mbali, mu Butembo ya wakati wa vita, nikiwa na miaka saba.

Tulikuwa tumekimbia kijiji yetu ya Kipese na kufikia kwa mukaka, ni kusema mama ya baba. Nilikuwa mifupa tupu. Kila asubui nilisikia mukaka anatwanga sombe, ile majani ya muhogo, maharagi inatokota, na moshi ya mikaratusi inaingia mpaka mu blanketi. Nyuma ya lupango yetu, ile kiwanja ya nyumba, kulikaa mama mumoja, muke ya mwalimu aliyetumwa kutoka provensi ingine. Alikuwa na ngombe moja tu. Aliponiona vile nilivyokonda, roho ikamuuma, akaanza kuniletea kikombe ya maziwa kila asubui. Maziwa ya moto, mafuta juu, tamu kabisa! Nililamba mpaka kikombe yenyewe.

Lakini kabla ya saa sita ya muchana tumbo ilivimba, ikanguruma, ikanikata. Njia ya choo niliijua kuliko ya masomo. Balinipa dawa ya minyoo, hapana kitu. Majani ya mupera, hapana kitu. Mukaka akanikataza maziwa siku ine, nikapona. Alifikiri amesaidia, kumbe amemuharibia mama jirani! Barabara nzima ikaanza kusema: munaona? Kikombe yake imesimama, mutoto amepona. Ni karuho. Wee! Kwetu karuho, ile sumu ya siri, si neno ya kuchezea. Mutu akishatajwa, anafukuzwa, na nyumba yake inachomwa.

Siku ya posho, ni kusema jumamosi, asubui vijana bakakuja na fimbo kwa mulango ya mama jirani. Alisimama pale, amekumbatia batoto yake.

Mukaka alikuwa mufupi, lakini sauti yake ilivuka kilima. Akafunga kikwembe kiunoni, akapita katikati yao.

"Tumbo haisemake uongo," akasema. "Tutauliza tumbo."

Kwanza akaomba maziwa ya ile ngombe, akakunywa kikombe nzima yeye mwenyewe. Kisha akatoa unga ya maziwa, ile tulipewa kwa parokia sisi bakimbizi, jirani hajaigusa hata siku moja. Akaikoroga na maji mbele ya batu bote, akaniletea. Niliogopa, nililia hata, juu nilijua kitu gani inaningojea. Lakini yule mama alikuwa ananiangalia. Nikakunywa yote.

Batu bakakaa chini, bakangojea. Hata saa moja haikuisha. Tumbo ikaanza ngoma yake, nikatoka mbio kuelekea choo, na bila haya ninakuambia, barabara nzima ilinisikia! Mukaka alikuwa amekaa palepale anamenya viazi, muzima kabisa.

"Na hii ya parokia," akauliza, "jirani ametia nini ndani?"

Mutu mumoja akacheka, bengine bakafuata, fimbo zikashuka. Nilipotoka mu choo, bamama bakanipigia vigelegele! Nimepata diplome, nimeoa, lakini vigelegele sawa vile sijasikia tena.

Tangu pale mama jirani aliniletea uji ya soja, na siku ingine kipande ya fromaji, ile jibini ngumu ya Lubero, na tumbo ikaikubali bila makelele. Mashavu ikajaa. Infirmier, ni kusema muuguzi wa dispensère, akaandika kwa fishi yangu ya matibabu: maziwa, hapana. Akasema batoto mingi biko vile, si sumu, si aibu.

Leo ile ngombe haiko, basoda, ni kusema askari, baliikula. Lupango imekuwa maboutique, mikaratusi imekatwa, na mukaka amelala kwa makaburi ya parokia. Siku ya kumuzika, mama jirani, mwenye mvi sasa, alilia kupita sisi bote. Mugeni mumoja akamuuliza baba: huyu ni nani ya marehemu?

Baba akapanguza macho. "Ni dada yangu," akajibu.