Mimba ya Kushoto

Katika ukoo wote wa Malongo, Kwandu alikuwa mwanamke pekee mwenye ng'ombe wake mwenyewe zizini, na ng'ombe huyo alikuwa mmoja tu. Shemeji zake walimwita "ng'ombe wa karanga", kwa sababu hakuja kwa mahari wala hakuachwa na marehemu yeyote. Alinunuliwa kwa faida ya meza ya barabarani. Kwandu alimpa jina la Mbula, yaani mvua kwa Kisukuma. Siku aliyomswaga kutoka mnadani walinyeshewa njia nzima, yeye na yule mtamba, na hakuna kati yao aliyekimbia.

Yeye na mumewe Malongo walihamia Nyakahura kutoka Shinyanga wakiwa wameoana karibuni, wakifuata majani. Miaka ile majani yalikuwapo. Baadaye msitu ukawekewa mipaka, mashamba ya mihogo yakasogea hadi milangoni, na mifugo ikabakiwa na ukanda mwembamba kando ya barabara kuu iendayo Rusumo, pale ambapo mabasi na malori husimama, watu wakala, wakatupa, wakaondoka. Hapo ndipo Kwandu alipoweka meza yake.

Karanga zake zilikuwa na sifa. Alizikaanga kwa mchanga, akazinyunyizia maji ya chumvi zingali za moto, akazifunga katika vifuko vya nailoni angavu. Juu aliweka fundo la masikio mawili, ili abiria aweze kufungua kwa kuvuta sikio moja hata kama mkono wa pili umempakata mtoto.

"Mama Teddy, lete zile za masikio!" makonda walimwita kabla basi halijasimama sawasawa, naye alikimbia na sinia kichwani akicheka.

Mifuko mikubwa ya nailoni ilipopigwa marufuku nchi nzima, wauzaji wa pale waliishi kwa hofu kwa muda, kisha wakagundua kwamba hivi vidogo vinapita. Viliitwa vifungashio, na jina likavisafisha.

Malongo hakuwa mume mbaya. Jioni moja, mbele ya ndugu zake wote, alitamka neno ambalo Kwandu alilibeba moyoni kama mtu abebavyo kaa la moto ndani ya kigae, kwa kuogopa lisizimike. "Mbula akizaa, uzao wake ni wa Kwandu. Hakuna wa kuugusa, hata nikifa."

Ndugu waliitikia kwa shingo upande. Neno lililosemwa hivyo lilikuwa na uzito, lakini nusu ya uzito ule ilikuwa tumboni mwa Mbula. Ng'ombe mmoja asiyezaa, walisema, ni nyama inayotembea.

Mbula akapelekwa kwa dume. Joto la kutaka dume halikurudi. Miezi ikapita, tumbo likaanza kujaa, na Kwandu akaanza kuamka mapema kuliko wanaokamua.

Tumbo lilijaa upande wa kushoto.

Baba yake Kwandu alikuwa mfugaji, na Kwandu alipokuwa mtoto baba huyo alimshika kiganja akakibandika ubavuni mwa ng'ombe mwenye mimba. Ndama hulala kulia, alimwambia. Kushoto ni ghala la majani. Kwandu hakuwa amesahau. Kila asubuhi alipapasa ubavu wa kulia, akakuta ngozi na mbavu, kisha akazunguka, akaegemeza shavu lake kushoto, akafurahi. Alikuwa ameuchagua upande wa kusimama.

Siku moja Paschal, bwana mifugo wa kata, alisimamisha pikipiki mezani pake. Malongo alikuwapo, ng'ombe wakichungwa nyuma ya vibanda.

"Shikamoo, mzee Malongo."

"Marahaba, bwana mifugo. Umekuja kuchanja au kula karanga?"

"Vyote viwili. Lakini mzee, huyu jike mbona amejaa upande mmoja? Niruhusu nimpime. Naingiza mkono tu, mara moja tunajua."

Malongo alicheka mpaka akashika magoti. "Msukuma aonyeshwe mimba ya ng'ombe na kijana wa chuo! Kesho utataka kunipimia na mke."

Kibanda kizima kikacheka. Paschal naye akacheka, ila macho yake hayakumwacha ng'ombe. "Basi mwenye mali aseme. Mama Teddy?"

Wote wakamgeukia. Kwandu alikuwa anafunga fundo. Akalikaza zaidi ya ilivyohitajika. Mkono wa yule kijana ungeingia na kutoka na jibu, na jibu lile alikuwa nalo tayari.

"Ana mapacha," alisema. "Ndiyo maana amejaa vile."

Tangu siku ile sokoni wakamwita Mama Mapacha. Aliitika.

Mbula akaacha kucheua. Mgongo ukachongoka, kiwele kikasinyaa badala ya kujaa, na tumbo lile likabaki pale pale kama mzigo uliosahauliwa juu ya punda. Anabeba wawili, Kwandu aliwaambia waliouliza, lazima akonde. Alimkatia majani ya migomba, akamwekea pumba. Mbula alinusa, akageuza kichwa.

Asubuhi ya siku ya gulio ng'ombe alilala na hakusimama tena. Malongo alimsukuma, akamwinua kwa mkia, akakaa chini jasho likimtiririka. Halafu akatuma mtu kumwita Danstan mchinjaji, kabla ng'ombe hajafa mwenyewe akawa kibudu.

Kwandu alisimama karibu kuliko ilivyompasa mwanamke kusimama. Hakumlilia Mbula. Alikuwa akiomba ndama atoke, hata mfu, hata kiungo cha ndama, kitu cha kuwaonyesha shemeji zake waliojipanga uani mikono nyuma.

Danstan alichinja, akapasua, akatafuta, akautoa mfuko wa uzazi. Ulikuwa mdogo na mwepesi, kama wa mtamba asiyewahi kupandwa. Kisha akafika kwenye lile tumbo kubwa la majani, akalikata, na kisu kikakwama.

"Mama Mapacha," aliita, "njoo upokee watoto."

Alivuta kwa mikono miwili. Lilitoka furushi lililosokotana, zito, la rangi ya samadi, likinuka kuliko kinyesi. Danstan akalitandaza kwa kiatu chake. Kamba za magunia ya mbolea. Nailoni za mkate. Vipande vya mifuko ya zamani, ile iliyopigwa marufuku, bado mizima. Na katikati yake vifuko vidogo angavu, sikio moja limevutwa, la pili limesimama kama siku lilipofungwa. Chumvi ndiyo iliyomwita ng'ombe.

Havikuwa vingi kuliko vingine. Lakini nailoni za mkate hazikuwa na mwenyewe. Hivi, kila aliyekuwa uani alijua vimefungwa na nani.

Malongo aliviangalia, akageuka. "Nyama iuzwe," aliwaambia ndugu zake. Alipompita mkewe alitamka neno moja tu, kwa sauti ya chini, kama anayetema ganda.

"Mapacha."

Jioni hiyohiyo, pale alipokuwa akilala Mbula, palifungwa ndama wa shemeji.

Kwandu aliporudi sokoni alikuja na karanga ndani ya majani makavu ya mgomba, ameyakunja pembe pembe na kuyafunga kwa kamba ya mgomba. Priscila, jirani yake wa meza, mzaliwa wa hapohapo, aliokota kifurushi kimoja akakigeuza.

"Dada, hivi mama yangu alikuwa anafungia chumvi. Siku nailoni ilipofika hapa, aliyaacha haya majani akishangilia."

"Nailoni inaua ng'ombe."

"Pole, dada. Mimi sina ng'ombe."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na watoto wanne na meza moja.

Basi likaja. "Mama Mapacha, umekuwa mganga?" konda alipaza sauti. "Hii inatafunwa au inachemshwa?" Abiria mmoja alilitikisa jani sikioni, akalirudisha dirishani: haoni kilichomo, atajuaje si mchanga? Kwandu akalifungua amwonjeshe. Basi halikumngoja aonje. Jioni, karanga zilizobaki zilikuwa zimevuta unyevu, zimelegea. Hata Teddy, binti yake, alizila kwa kumhurumia. Kabla mwezi haujaisha Priscila alikuwa ameshajifunza fundo la masikio mawili, na makonda wakageuza shingo kuelekea meza yake.

"Kwa majani hayo," Malongo alimwambia, "hutanunua hata kuku."

Ilikuwa kweli. Nailoni ingeweza kumletea mtamba mwingine. Msimu mmoja wa mabasi, miwili, na angeswaga tena kitu chake mwenyewe kutoka mnadani mpaka zizini. Kisha kitu hicho kingeletwa kuchungwa hapa, penye nailoni zilezile. Alilipindua jambo hilo kila upande, na safari hii hakujificha upande wowote: hatakuwa na ng'ombe tena.

Jioni moja ng'ombe wa Malongo walipita nyuma ya vibanda wakirudi nyumbani. Maksai mwekundu alichomoka kundini, akainamia lundo la taka, akainua kifuko cha Priscila kilichokuwa bado na chumvi. Kwandu aliacha meza. Akamkamata pembe, akamwingiza mkono kinywani hadi kifundo cha mkono kikapotea, akavuta. Kifuko kilitoka polepole, kirefu, kikitiririka mate.

"Mama Mapacha," konda alipiga makofi mlangoni mwa basi, "unamzalisha na huyo?"

Watu walicheka. Kwandu alibaki amesimama na kile kifuko mkononi, akitazama huku na huku asione pa kukitupa, kwa maana pa kukitupa palikuwa palepale. Maksai akajilamba pua, akarudi kwenye lundo.