Mahindi Juu ya Moto wa Nkambo

Rafiki yangu, kama hujawahi kula kumbikumbi waliokaangwa na chumvi, wakiwa bado wa moto, na bukari, ugali wetu, pembeni, basi nakuonea huruma. Jana jioni harufu hiyo ilitoka jikoni kwa binti yangu, hapa pembeni mwa Kolwezi, mji wa machimbo, nikajikuta mtoto tena. Anaishi kwenye uwanja ule ule wa bibi yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita nkambo.

Nyuma ya jiko kuna kichuguu kirefu kuliko nyumba. Zamani, mvua ya kwanza ikianguka, majirani walikimbilia majembe. Nkambo aliendelea kuchambua sombe lake, majani ya muhogo, kana kwamba hajasikia kitu. "Mvula ya kwanza inadanganyaka bantu," alisema. "Mungoje kumbikumbi." Tulingoja tumenuna. Kisha jioni moja kichuguu kilifunguka, mabawa yakajaa hewani, nasi tukakimbia na mabeseni ya maji huku tukipigana vikumbo. Kesho yake tukapanda. Sikumbuki akikosea hata mara moja.

Hata hivyo hakupanda mbegu zote. Nusu ya mahindi aliyafunga kwa maganda yake, akayaacha yakining'inia juu ya moto, meusi kwa moshi, ili wadudu wasiyaguse. Tulimcheka kwa uoga wake. Kila mwaka, mavuno yalipoingia, tuliyashusha na kuyala, kwa sababu hayakuhitajika.

Binti yangu anafanya vile vile, kwa mbegu ya uzao ule ule. Msimu huu kumbikumbi waliruka mapema, tukala, tukacheka, akapanda. Halafu likaja jua. Miche ilichomoza, ikawa ya manjano, ikalala chini, na vumbi la malori ya machimbo likaifunika. Mvua haikurudi mpaka jana, na kumbikumbi wakaruka tena. Safari hii niliwala bila kuona ladha.

Leo asubuhi ameshusha mahindi ya juu ya moto, mtoto wake amelala mgongoni.

"Mama, tupande ao tungoje kwanza?"

Alinitazama kama nilivyokuwa nikimtazama nkambo. Naogopa, rafiki yangu. Kichuguu kipo, jiko lipo, lakini ule uhakika wa nkambo sikuurithi, na labda angekuwapo leo naye asingejua.

"Sijue, mwanangu," nikamwambia.

Kisha akayagawa mahindi yale mafungu mawili. Fungu moja akaenda nalo shambani. Lingine akalifunga upya na kulirudisha juu ya moto, na mtoto, aliyeamka wakati huo, akanyoosha mkono kulishika.

Fungu lile la juu ya moto lilikuwa hindi moja tu.