Nilivyodhani nimegeuza moshi wa mbabula kuwa mafuta kwa nguvu ya jua

Wakuu, salaam kutoka Lubumbashi. Haya yamenipata mwenyewe na siongezi chumvi. Ningeongeza, ningejifanya mjanja kuliko nilivyokuwa.

Nasoma kemia, mwaka wa mwisho. Kazi yangu ni photocatalyst: unga ambao ukipigwa na jua husaidia kugeuza kaboni dioksidi, ile hewa inayozidisha joto duniani, kuwa kaboni monoksidi, gesi ya kuanzia kutengeneza mafuta. Wangu ni wa oksidi ya shaba. Tuko Katanga, nchi ya shaba, ningetumia nini kingine?

Miezi mingi, sifuri, maana chuoni hata mtungi wa hewa hiyo hatuna. Défense, siku ya kutetea kazi mbele ya maprofesa, ikabaki wiki mbili.

Nikapata akili. Hewa chafu si ipo bure? Nikavuta moshi wa mbabula, jiko letu la makaa, nikauchuja na kuupitisha kwenye bomba la kioo lenye unga, uani kwetu Makomeno. Mwishoni nikaweka kipima cha kaboni monoksidi alichoniazima mjomba wangu, mchimbaji wa Kipushi.

Wakuu, namba zilipanda mpaka kipima kikapiga kelele! Nilicheza uani peke yangu. Nikampigia prof anayenisimamia, nikawaambia majirani. Mmoja akaanza kuniita Docteur.

Siku ya tatu nikakuta mama kafunika bomba lote kwa kikwembe, yaani kitenge. Yeye wakati wa kiangazi, kitu chochote kinachokaa uani lazima akifunike, vumbi lisiingie.

"Mama! Ile kintu inataka jua!"

Akatazama kipima, akaniuliza (papa ni mimi, mwanawe):

"Asa papa, juu ya nini iko inapanda? Miye nilifunika tangu asubui."

Makaa yenyewe hutoa gesi ile ile niliyokuwa naitafuta, ile inayoua watu wanaolala na jiko ndani. Nilikuwa napima mbabula, wala si unga wangu. Na mimi ndiye mwanakemia!

Nilitaka kuacha kabisa. Mama akauliza tu nataka hewa ya namna gani. Nikamwambia safi, isiyotoka motoni. Akanionyesha ndoo yake ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, inachachuka na kutoa mapovu.

"Na iyi?"

Mapovu yale ni kaboni dioksidi, wakuu. Nimeyanywa tangu utotoni.

Tukafunga mpira wa kupitisha hewa kutoka ndoo hadi kwenye bomba. Kikwembe juu: sifuri. Kikwembe pembeni: tukasubiri, tukasubiri weee... namba ikapanda kidogo. Tukafunika, ikashuka. Mama akarudia mwenyewe mara nne, anacheka.

Kwenye défense nilisimulia yote, aibu ikiwemo. Prof mmoja akauliza jaribio la giza nililifanyaje. Nikatoa kikwembe kwenye begi. Ukumbi ulicheka, na nikafaulu.

Nilichojifunza: funika kwanza, shangilia baadaye. Nani mwingine aliwahi kushangilia mapema? Semeni, nisibaki peke yangu na aibu hii.

Gesi yenyewe bado haitoshi kuchemsha hata kikombe cha chai. Mama anaendelea kupika kwa makaa, na kila jioni akisonga bukari, ugali wetu, ananiuliza:

"Asa papa, ile jua yako itapika bukari siku gani?"

Sijui, wakuu. Ila kikwembe chake mpaka leo hajakidai.