Saini ya Mlangoni

Kampuni yetu ya wasanifu majengo ilikuwa kongwe kuliko sisi sote tuliofanya kazi ndani yake, na ilijua kujivuna. Makao makuu yalikuwa Nairobi. Tawi la Lodwar lilikuwa chumba kimoja, meza mbili na mimi, mchoraji wa ramani, taulo chini ya mkono ili jasho lisiharibu wino. Tangu enzi za waasisi, ramani haikutiwa saini ofisini. Mkurugenzi alikwenda kiwanjani, akasimama pale mlango utakapokuwa, akasaini hapo hapo. Desturi hiyo niliipenda.

Miaka ya tisini, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikipanuka, tukapewa kazi ya zahanati. Nairobi wakaleta ramani ileile waliyoizoea, mlango uangalie barabara. Kiwanja chetu kilikuwa na barabara upande wa mashariki, na upepo wetu hutoka huko huko na mchanga wake. Nikachora nyingine, mlango magharibi. Mkurugenzi hata hakuikunjua.

"Kampuni hii inajenga tangu mama yako hajazaliwa," alisema. "Ukigusa mstari mmoja tena, tafuta kazi kwingine."

Mama yangu amejenga nyumba tano kwa mikono yake. Kwetu Turkana hiyo ni kazi ya wanawake. Niliichukua ramani yangu mezani huku nachemka. Kazi ile niliitaka kuliko kitu chochote. Hata hivyo, siku ya saini niliificha ramani yangu chini ya kiti cha gari.

Kule Kakuma meza ikawekwa penye mlango wa ramani ya Nairobi. Upepo ukaja. Saini ya kwanza ikajaa mchanga, ya pili ikachana karatasi, kisha karatasi yenyewe ikaenda zake kwenye miiba. Mkurugenzi akabaki anafikicha macho. Wanawake waliokuwa wakiwabebea maji mafundi walicheka bila aibu.

"Mlango haiwezi angalia upepo, mzee," mmoja akamwambia. "Hata mbuzi anajua."

Nikaitoa ramani yangu. Nikahamishia meza upande wa magharibi, nikawaomba kina mama wasimame bega kwa bega kati ya meza na upepo, wawe ukuta wangu. Walielewa kabla sijamaliza. Shuka zao zilipigwapigwa, wao hawakutikisika. Karatasi ikatulia.

Mkurugenzi aliisoma polepole, kona hadi kona. Kisha akainama akasaini, nami nikapiga kigelegele cha kwanza katika historia ya kampuni ile.