Darubini ya Musyoka na Jicho Langu la Kulia

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nifumbapo jicho la kushoto, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa wewe ni wa Musyoka, na hilo nalo liliwahi kuniuma.

Mimi na babako tulitoka Kitui pamoja, tukapanga chumba kimoja mtaa wa Mashimoni, Nairobi. Mimi nilikuwa nachomelea mageti kule kituo cha magari cha Kawangware 56. Siku za kupatwa kwa jua zilipokaribia, yeye akachukua bomba la plastiki na lenzi za mtumba, akaunda darubini. Hakuna aliyechungulia ndani yake. Aliielekeza juani, mwanga ukatokea nyuma na kuangukia karatasi nyeupe, duara dogo kama kifuniko cha soda. Wapangaji wa ploti nzima walipiga foleni. Atieno, msichana niliyekuwa nikimwandama mwaka mzima, alipiga magoti mbele ya ile karatasi akacheka. Wivu uliniwaka, mwanangu. Niliomba ile darubini ivunjike.

Kuuliza si ujinga, lakini kumuuliza Musyoka niliona ni kumpigia magoti. Nikaunda yangu ya chuma, ndefu kuliko yake, na pale nyuma jicho linapokaa nikabandika kioo cha welding. Sisi mafundi kioo chetu hukaa machoni, nikadhani ni yale yale. Kisha nikamwita Atieno aje aone jua lenyewe, si picha yake kwenye karatasi.

Musyoka alikuja mbio. "Buda, hiyo glasi haiwezi hapo. Lenzi imeshakusanya jua lote, itapasuka."

"Wewe una wivu tu," nikamjibu. Mimi, kumwambia yeye!

Ili nimkomeshe, nikatangulia kuweka jicho. Kioo kikalia ta! Sikusikia maumivu hata kidogo, na hiyo ndiyo hila ya jua. Kesho yake jicho la kulia liliona masikio ya mtu lisione uso wake, na liko hivyo hadi leo. Siku Atieno alipoolewa na babako, nilifumba lile zima nikamtazama kwa hili bovu. Sikutaka kuona alivyofurahi.

Lakini ningemtanguliza Atieno kuchungulia, mwanangu, leo mamako angekutazama asione uso wako. Hilo huninyima usingizi kuliko jicho langu.

Basi shika haya. Usichungulie jua kwa darubini, wala usiamini kioo cha fundi. Na mwenzako akijua usilolijua, muulize, hata kama roho inakuuma. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Stendi ya darubini yako uliyoniagiza iko tayari. Pale nyuma nimezungushia vyuma: karatasi inaingia, kichwa cha mtu hakiingii. Mungu akulindie macho yote mawili, na siku wivu utakapokushika, akupe ulimi wa kuuliza. Msalimie mamako. Mwambie stendi nimeichomelea mimi.